Texas Ilitandaza Nyaya Kwanza

Wasee, mnakumbuka ile picha ya helikopta?

Ilikuwa Februari 2021. Texas imeganda, mamilioni ya watu wako gizani, na mtandaoni inazunguka picha ya helikopta ikinyunyizia mtambo wa upepo uliojaa barafu. Maneno juu yake yalikuwa yaleyale kila mahali: oneni stima yenu ya upepo, mpaka ikaokolewe na helikopta inayokunywa mafuta. Mimi nilicheka, nikaitupa kwa grupu ya familia. Mjomba akaitupa kwingine. Nani alikuwa na wakati wa kuuliza imepigwa wapi?

Kumbe ilipigwa Sweden, miaka kadhaa kabla ya hiyo baridi.

Nilipogundua niliona aibu, na kwa sababu ya hiyo aibu nikaanza kusoma kuhusu Texas na upepo. Nilidhani nitasoma jioni moja niachane nayo. Ikanishika wiki kadhaa, kwa sababu hii story haiendi vile ungetarajia. Kama ungeniuliza ni jimbo gani la Marekani linaloongoza kwa stima ya upepo, ningesema California, kwa wale watu wa yoga na magari ya betri. Jibu ni Texas, tangu 2006. Texas ya kofia kubwa na ng'ombe, ile ambayo mafuta yalilipuka kutoka ardhini pale Spindletop mwaka 1901 na dunia nzima ikabadilika. Leo mitambo yake ya upepo ina uwezo wa karibu megawati 40,000. Chukua kila kitu tulicho nacho Kenya, mabwawa, mvuke wa Olkaria, jua, upepo, jenereta za dizeli, jumlisha. Hao watu wametuzidi zaidi ya mara kumi kwa upepo peke yake.

Na hawakufanya hivyo kwa kupenda miti. Hapo ndipo inakuwa tamu.

Tuanze nyuma kidogo. Magharibi ya Texas ni tambarare, kavu, na upepo unavuma kama umelipwa. Kabla ya 1875 hiyo ilikuwa nchi ya Wakomanche. Jeshi la Marekani likawapiga, likawachinjia farasi, wakafungiwa Oklahoma. Nawaambia hivi mapema kwa sababu baadaye tutawasifu wenye mashamba kwa vile wanalipwa vizuri, na ni vyema kujua mashamba yalianza kuwa yao lini. Walowezi walipofika walikuta nyasi bila mito. Kilichowaokoa ni vinu vya upepo vya kuvuta maji kutoka chini, aina iliyobuniwa na Daniel Halladay kule Connecticut mwaka 1854. Reli zikavitumia kujazia injini za mvuke maji, wafugaji wakavitumia kunyweshea ng'ombe. Ranchi moja tu, XIT, iliyokuwa na ekari kama milioni 3, ilikuwa na vinu zaidi ya 300. (Hiyo ardhi ilitolewa na jimbo kulipia ujenzi wa jumba la bunge kule Austin. Ndiyo, walilipia jengo kwa ekari milioni 3. Tuendelee.)

Kwa hivyo mtu wa Texas kuona kitu kinazunguka juu ya mlingoti shambani si ajabu kwake. Babu yake alikunywa maji kwa sababu ya hicho kitu.

Sasa kuna jambo la pili lazima mlielewe, na naomba mvumilie kwa sababu linahusu sheria. Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kusimamia stima inayovuka mpaka wa jimbo. Kampuni za Texas zikafikiria: tusipovuka mpaka, Washington haitatugusa. Na hawakuvuka. Wakajenga gridi yao, yaani mtandao wao wa nyaya unaounganisha mitambo na wateja, wakaufunga ndani ya jimbo. Marekani bara ina gridi tatu kubwa: ya mashariki, ya magharibi, na ya Texas. Msimamizi wake anaitwa ERCOT, aliundwa 1970. Walikuwa serious na hii kitu kiasi kwamba usiku wa tarehe 4 Mei 1976, kampuni moja ilipopitisha stima kimyakimya hadi Oklahoma kwa saa chache, ili kulazimisha hiyo sheria iwafikie, kampuni nyingine zilijikata kutoka kwao na mawakili wakala pesa miaka. Kwa saa chache za stima! Shikeni hapo, tutairudia gridi yao mara mbili, kwa uzuri na kwa ubaya.

Miaka ya 1990, soko la stima la Texas lilikuwa linafunguliwa kwa ushindani, na kampuni zilitakiwa ziulize wateja wanataka nini. Zikafanya kitu ambacho sijawahi kuona kwetu. Badala ya kupigia watu simu na kuwauliza maswali matano, ziliwakusanya wateja wa kawaida wikendi nzima, wakapewa maelezo ya pande zote, wakauliza wataalamu maswali, kisha ndipo wakaulizwa maoni. Kabla ya mazungumzo, karibu nusu walikuwa tayari kulipa zaidi kidogo kwa nishati safi. Baada ya hapo walizidi asilimia 80. Hawa ni watu wa Texas, si wanaharakati. Mwenyekiti wa tume ya kusimamia stima wakati huo, Pat Wood, aliyachukua hayo matokeo kwa uzito.

Kisha 1999 ikapitishwa sheria: kufikia 2009 jimbo liwe limeongeza megawati 2,000 za nishati jadidifu. Gavana aliyeitia sahihi anaitwa George W. Bush. Ndiyo, huyohuyo. Na kampuni mojawapo iliyokuwa ikipigia debe mambo ya upepo ilikuwa Enron ya Houston, ile iliyokuja kuanguka 2001 kwa wizi wa vitabu vya hesabu. Biashara yake ya mitambo ya upepo ikanunuliwa na General Electric mwaka uliofuata na ikaendelea kuuza mitambo vizuri kabisa. Yaani hakuna mtu msafi kwa hii story, na bado kazi ilifanyika. Lile lengo la 2009 lilifikiwa miaka kadhaa kabla ya wakati.

Kilichosukuma ni pesa. Serikali kuu ilikuwa inatoa punguzo la kodi kwa kila uniti ya stima ya upepo, tangu 1992. Na kwa Texas karibu ardhi yote ni ya watu binafsi, kwa hivyo kampuni haikuhitaji kubembeleza ofisi ishirini. Ilihitaji kukaa jikoni kwa mkulima na kuongea bei.

Nenda Roscoe. Mji mdogo wa pamba, watu kama 1,300, mvua ya wasiwasi, vijana wakihama. Wenzao wengine wa Texas walikuwa na mafuta chini ya ardhi; wao hawakubahatika. Walikuwa na upepo tu, ule uliokuwa ukiwapeperushia udongo usoni tangu wazaliwe. Wakulima wakafanya jambo la akili: hawakungoja kampuni iwafuate mmoja mmoja na kumdanganya kila mtu bei yake. Walijipanga pamoja, wakaenda mezani kama kundi. Mwaka 2009 shamba la upepo la Roscoe lilikamilika, mitambo 627, megawati 781.5, wakati huo kubwa kuliko lolote duniani. Mtambo unachukua kipande kidogo cha shamba, pamba inaendelea kulimwa hadi karibu na mguu wake, na mwenye shamba anapokea maelfu ya dola kwa mwaka kwa kila mtambo. Mvua inyeshe isinyeshe. Kodi ya majengo ikaanza kuingia, shule za vijijini zikapata pesa ambazo hazijawahi kuona, na chuo cha ufundi pale Sweetwater kikaanza kufundisha vijana kupanda na kutengeneza mitambo.

Si kila mtu alifurahi. Karibu na Abilene, majirani wa shamba la Horse Hollow walienda kortini wakisema mitambo imeharibu mandhari yao. Walishindwa, na rufaa pia wakashindwa. Mimi nawaelewa kiasi. Fikiria jirani yako anajengewa mitambo na analipwa, wewe upande huu wa ua unapata kelele, kivuli kinachopitapita dirishani, na taa nyekundu usiku kucha. Shilingi hakuna. Mtambo ni uleule. Mmoja anauona kama mshahara, mwingine kama jirani mbaya.

Sasa tufike kwa nyaya, ambazo ndizo zimenifanya niandike hii kitu.

Upepo wa Texas uko magharibi. Watu wako mashariki: Dallas, Houston, San Antonio, Austin. Katikati ni mamia ya kilomita za nyasi na ng'ombe. Mwaka 2001 kampuni zilikimbilia eneo la McCamey na kusimamisha mitambo haraka haraka, mtambo mmoja unachukua chini ya mwaka. Laini kubwa ya umeme inachukua miaka mitano au zaidi. Ikawa upepo unavuma, mitambo iko tayari, na waendeshaji wanaambiwa wazime kwa sababu waya hautoshi. Ni kama kuvuna maziwa na hakuna barabara ya kuyatoa.

Na hapa kuna mtego. Mwenye mitambo anasema: sijengi mpaka nione laini. Mwenye laini anasema: sijengi mpaka nione mitambo. Kila mtu ana sababu nzuri, na hakuna kinachojengwa. Kwa nchi nyingi mazungumzo huishia hapo, na watu wanaendelea kulipwa posho za mikutano.

Texas ikaukata mtego 2005. Sheria nyingine, sasa chini ya Gavana Rick Perry, ikaiambia tume: chagueni maeneo yenye upepo bora, kisha laini zijengwe kwenda huko kabla mitambo haijafika. Gharama igawanywe kwa wateja wote wa gridi. Yaani mama wa Houston ambaye hajawahi kuona Roscoe atalipia waya wa Roscoe kwenye bili yake. Mwaka 2008 tume ikachagua mpango wa kubeba megawati 18,500 hivi, makadirio dola bilioni 4.9. Ukaisha karibu bilioni 7, kwa hivyo msifikirie ni sisi peke yetu tunaozidisha bajeti. Lakini uliisha. Laini za urefu wa kilomita 5,800 hivi, zikakamilika mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014. Watu wa Hill Country walipigana na minara kupitishwa kwenye vilima vyao, na laini moja ikafutwa kabisa. Nyingine nyingi zikasimama.

Na kumbuka ile gridi yao ya kujifungia. Kwa vile yote ilikuwa ndani ya jimbo moja, hawakuhitaji kuomba Washington wala kugombana na jimbo jirani nani alipe. Ukaidi wa 1935 ukawalipa.

Sasa mniruhusu nije nyumbani kidogo, kwa sababu nilipofika hapa nilifunga simu nikakaa tu. Loiyangalani, Marsabit. Mitambo 365, megawati 310, shamba kubwa la upepo kuliko yote yaliyokuwa Afrika lilipozinduliwa. Ilikamilika kusimamishwa 2017. Laini ya kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari. Ikaungwa Septemba 2018. Zaidi ya mwaka mmoja mitambo imesimama pale kwa upepo mzuri sana, haitoi stima kwa mtu yeyote, na serikali ikalazimika kukubali kulipa fidia kwa kuchelewesha laini. Nimepita Suswa mara nyingi nikienda Narok, naangalia ile minara kama mapambo ya barabara. Sikujua nilikuwa naangalia mahali pesa yetu ilikwama.

Na ardhi? Roscoe mkulima alikaa mezani na kuongea bei. Kule kwetu ekari 150,000 za jamii ziligawiwa mradi, wenyeji wakaenda kortini 2014, na Oktoba 2021 mahakama ya ardhi kule Meru ikasema hati zake zilipatikana kinyume cha sheria. Upepo ni mzuri pande zote mbili. Tofauti ni nani aliulizwa. Sisemi Texas ni malaika, Wakomanche hawakuulizwa na mtu. Nasema wale waliokuwa na hati mwaka 2005 walilipwa, na kwa sababu walilipwa, waliitetea mitambo.

Turudi. Si kila tajiri alipatia. T. Boone Pickens, mzee wa mafuta, bilionea, mwaka 2008 alienda kwa runinga na kutangaza atajenga shamba la megawati 4,000 karibu na Pampa. Akaagiza mitambo 667 kwa mpigo mmoja, kama dola bilioni 2. Kisha benki za dunia zikaanguka, bei ya gesi ikashuka, na laini ya kufika kwake haikuwepo. Mwaka 2009 mradi ukafa. Hata bilionea anangoja waya kama wewe na mimi.

Laini zilipofika, mambo ya ajabu yakaanza. Usiku upepo wa magharibi unavuma sana na watu wamelala. Stima inazidi wanunuzi. Bei ya jumla ikashuka hadi chini ya sifuri, yaani mwenye mtambo analipa ili stima yake ichukuliwe, kwa sababu bado anapata lile punguzo la kodi. Kuna kampuni zikaanza kuuza mpango wa stima bure usiku. Watu wakawa wanaosha nguo saa tano usiku. Mimi hapa natazama tokeni zikiisha kwa pasi moja ya shati, naambiwa kuna mtu anapewa bure. Manze. Na mwaka 2020 upepo ulizalisha asilimia 23 ya stima ya gridi yao, makaa ya mawe asilimia 18. Mwaka wa kwanza mzima ambao upepo uliyapita makaa.

Halafu ikaja ile Februari.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Februari 2021 baridi ilishuka kuliko mitambo mingi ilivyotayarishwa. Visima vya gesi vikaganda, mabomba yakapungukiwa, mitambo ya gesi ikazima mmoja baada ya mwingine. Baadhi ya pampu za kusukuma gesi zilikuwa zinatumia stima, na zikakatiwa stima, kwa hivyo gesi ikapungua tena. Saa nane kasoro usiku gridi nzima ilibakiza dakika 4 na sekunde 37 kuanguka yote, kitu ambacho kingechukua wiki kurekebisha. Zaidi ya nyumba milioni 4.5 zilikosa stima, nyingine kwa siku kadhaa. Watu waligandia vitandani. Wengine waliingiza jiko la makaa ndani ya nyumba au kuwasha gari gereji ili wapate joto, wakafa kwa moshi. Sisi tunaijua hiyo ya jiko, kila Julai tunaisikia. Hesabu rasmi ya jimbo ilifika 246.

Na watu wakiwa bado gizani, Gavana Greg Abbott akaenda kwa runinga ya taifa akalaumu upepo na jua. Siku hizohizo ndizo ile helikopta ilikuwa inaruka kwa simu zetu.

Ukweli ni huu: mitambo ya upepo iliganda pia, mingi tu, kwa sababu haikuwekewa vifaa vya baridi ambavyo Sweden na Kanada huweka. Huwezi kuitoa lawamani kabisa. Lakini uchunguzi wa wasimamizi wa Washington ulionyesha kati ya mitambo iliyofeli, zaidi ya nusu ilikuwa ya gesi. Na ile gridi ya kujifungia, iliyowarahisishia kujenga laini, sasa ilikuwa imewafungia ndani. Majirani walikuwa na stima na hakukuwa na waya wa kutosha wa kuileta. El Paso, mji wa Texas ulioungwa na gridi ya magharibi, haukuzima karibu hata kidogo.

Ndiyo maana ile picha inaniuma. Nilikuwa Nairobi, kilomita maelfu, na nilisaidia kusambaza lawama kwa mtambo wa Sweden kwa vifo vilivyotokana zaidi na gesi iliyoganda.

Baada ya hapo ungedhani upepo umekwisha Texas. Wanasiasa walijaribu. 2023 na tena 2025, Seneti ya jimbo ilipitisha miswada ya kuubana ujenzi wa upepo na jua kwa vibali na masharti ambayo gesi haiwekewi. Hao ni Republican, wana wingi pande zote mbili za bunge, hakuna wa kuwazuia. Lakini wenye mashamba na vyama vya wafanyabiashara wakaenda Austin kupinga. Wengi wao pia ni Republican, na wengine wana mtambo shambani. Miswada ikafika bunge la chini ikakaa hapo mpaka muda ukaisha. Haikupigiwa kura.

Mjomba nilimtumia marekebisho ya ile picha, na maelezo yote ya Sweden. Miaka mitatu baadaye, najua. Alijibu kwa kidole gumba, kisha akauliza kama mimi ndiye nimemaliza tokeni za nyumbani.